Pole na Kazi, Minae

Septemba 9

Nimefika Hinokubo. Basi liliniteremsha peke yangu kwenye manyunyu, dereva akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni hapa. Shangazi Tazu alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema Tokyo imenikausha, kisha akanipa ndoo nikaoshe figili. Hivyo ndivyo ninavyopokewa hapa tangu nikiwa na umri wa kuvaa kaptula.

Nina sababu mbili za kuwa hapa, na moja tu ndiyo ninayoweza kuitaja mbele yake. Kazi yangu ni kuchora mandhari za filamu za katuni: milima, paa, mawingu, vitu vyote ambavyo watu hawavitazami kwa kuwa wanamtazama mhusika. Filamu tunayotengeneza inahusu msichana na utoto wake shambani, na Bwana Kusaka, mwongozaji wetu, amenipa ruhusa nichore mavuno mpaka theluji ianguke. Sababu ya pili ni Sadaaki, mwana wa Shangazi, anayeishi Nagoya. Majira ya baridi yaliyopita mama yake alianguka kutoka kwenye paa akikwangua theluji, akalala kwenye baridi mpaka jirani alipomwona. Sadaaki anataka nimshawishi ahame kabla theluji haijarudi. Daktari amesema anguko jingine kama lile hataamka.

Jioni kipaza sauti cha kijiji kilipiga ule wimbo wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Hinokubo haina mtoto hata mmoja siku hizi, lakini wimbo bado unapigwa. Ulipokwisha, Shangazi aligeukia mlango akasema, "Umerudi? Karibu."

Mimi nilikuwa ndani zamani, nakata figili. Nikadhani amechelewa tu kunikaribisha, nikajibu kwamba ndiyo, nimerudi. Akanitazama kama mtu aliyeitikia jina la mwenzake.

Septemba 10

Mvua.

Septemba 12

Nimekaa ukingoni mwa shamba na rangi zangu. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Katikati imesimama sanamu ya kutishia ndege, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeitazama sawasawa tangu nilipokuwa mtoto.

Imevaa nguo za mwanamke wa makamo. Blauzi safi ya mistari, suruali ya kazi, kofia pana yenye kitambaa cha kufunika shingo. Haina uso, ni gunia jeupe tu. Ina kimo changu hasa. Nakumbuka zamani ilikuwa fupi, na ilivaa gauni la mtoto. Sanamu imekua. Mtu ameikuza mwaka hadi mwaka, ameirefusha mti na kuishonea nguo za umri wake.

Minae alikuwa binti wa Shangazi, na mimi naye tulizaliwa mwaka mmoja. Kila likizo nililetwa hapa, tukalala chandarua kimoja. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi, mimi nikiwa nimesharudi shule Tokyo, tufani ilipiga mwezi kama huu, Minae akatoka na hakurudi. Hakupatikana. Simu ilipoletwa, mama yangu alikaa chini sakafuni jikoni na hakuinuka mpaka baba alipokuja. Mazishi hayakufanyika, maana Shangazi alikataa. Kwenye madhabahu ya nyumbani ipo picha ya marehemu mumewe, Kihei. Ya Minae haipo, na ndani ya nyumba hii jina lake halitajwi.

Nje ni mambo mengine. Leo bibi mmoja alipita na toroli, akaiinamia ile sanamu, akasema, "Pole na kazi, Minae," akaenda zake. Mimi hata hakunisalimu.

Septemba 15

Mzee Tokuji ameleta biringanya. Ni jirani wa shamba la chini, mlinzi wa lango la maji la mfereji wa kijiji tangu ujana wake. Anaongea kama redio iliyoharibika swichi. Ameniuliza kama katuni zina mshahara, na mbona sijaolewa, na kama haya mawili yana uhusiano. Nikamwambia anione akishanipatia mume mwenye meno yote. Alicheka mpaka akashika mgongo.

Macho yake yana mtoto wa jicho na bado anaendesha kile kigari chake cha mizigo. Biringanya aliziacha ngazini. Shangazi alimkaribisha chai, naye mzee akasema siku nyingine. Shangazi anasema hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii tangu zamani, "ana haya za kizee." Mimi nilimwona ni mzee mbabaishaji tu.

Jioni, wimbo. "Umerudi? Karibu." Tulikuwa tumekaa sote wawili tunakula.

Septemba 16

Mvua. Nimechora mvua.

Septemba 20

Redio inasema tufani itafika leo mchana. Tulifunga madirisha kwa mbao, tukajaza maji kwenye beseni. Halafu Shangazi akavaa koti la mvua, akachukua koti la pili na kamba, akatoka. Nilimfuata huku nikipiga kelele na upepo ukinirudishia. Nilimkuta shambani anaivisha sanamu koti, anaifunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kisha anaifunga kamba kwenye mti wake mara nyingi sana.

Nikamwambia, "Shangazi, kama ni kuokoa kitu, tungeokoa mpunga."

"Mpunga una mizizi," alisema.

Tulirudi tumelowa chapachapa. Nilikaa karibu na jiko la mafuta ya taa nikijiambia kwamba mwanamke huyu ameshaanza kupotewa na akili, na Sadaaki ana haki.

Septemba 22

Mpunga wa upande wa mtoni umelala wote. Sanamu imesimama.

Septemba 25

Mpunga uliolala haukubali mashine, unataka mundu. Mgongo wangu umenikumbusha kwamba kazi ya kuchora ni kazi ya kukaa. Mzee Tokuji alikuja na mundu wake bila kuitwa, akakata safu yake kimya. Nikashangaa kuona redio imezimika. Kila alipoikaribia sanamu alizunguka mbali.

Sadaaki alipiga simu. Shangazi akamwambia mambo ya kuhama atayafikiria baada ya mavuno.

Septemba 26

Mvua.

Septemba 27

Mvua. Miganda imelowa kwenye vichanja. Shangazi anaipindua kama mtu anayepindua samaki jikoni, ananiambia jua likikosa wiki nzima tutakula mchele wa dukani, nayo ni aibu.

Oktoba 3

Nitaandika haya polepole, nisiache neno.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, hata mlima haukuonekana. Nguo zangu zote zilikuwa mbichi, Shangazi akanipa zake za shamba: blauzi ya mistari, suruali ya kazi, kofia pana. Nikacheka kwamba tumekuwa pacha na sanamu. Yeye hakucheka. Alibaki kupika, nikatangulia.

Ilibaki kukatwa sehemu ya katikati. Nikaing'oa sanamu, nikailaza ukingoni, nikakata mpunga uliokuwa umeizunguka. Nilipomaliza nilinyooka kupumzisha kiuno, nikasimama pale pale ilipokuwa, mikono nimeitanua kidogo kama afanyavyo mtu anayenyoosha mgongo.

Kigari cha Mzee Tokuji kikasimama barabarani. Akashuka, akavua kofia. Nilitaka kumpungia. Lakini alikuwa ameinama, ameinama chini sana, na alipoinuka uso wake haukuwa uso ninaoujua.

"Pole na kazi, Minae," alisema. "Mwaka huu mpunga umelala, lakini si neno, umeulinda vizuri. Mama yako sijamwambia bado. Baba yako alisema tumwambie baada ya mavuno, na mavuno yenyewe hayaishi, mwanangu, kila mwaka yapo mengine. Buti lako lipo palepale kwa Jizo. Mimi ndiye niliyefungua lango la maji. Najua unajua. Nakuambia tu."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ng'ombe wa ndugu yake amezaa. Akavaa kofia, akaondoka.

Nilibaki na mikono yangu imetanuka. Sikuthubutu kuishusha mpaka sauti ya kigari ilipopotea. Nilikuwa nimeambiwa jambo ambalo halikuwa langu, na aliyeambiwa alikuwa maiti, na maiti huyo ndiye mimi niliyemsimamia.

Oktoba 4

Jizo wa jiwe yupo penye kona ya barabara, kwenye kibanda chake kidogo cha mbao. Kila kijiji kina wake, mlinzi wa watoto wanaosafiri peke yao. Huyu amevalishwa bibu jekundu la mtoto mchanga, kama wote. Nilipitisha mkono nyuma ya mgongo wake, nikijiona mjinga.

Buti lilikuwepo. La mpira, la njano, la mguu wa kushoto, limefungwa kwenye kitambaa. Nililijua papo hapo. Nilimwonea Minae wivu kwa mabuti yale kiangazi kizima, yangu yalikuwa meusi ya kaka.

Kilichonitoa jasho si buti. Ni kwamba lilikuwa safi. Halikuwa na tope wala vumbi. Na ndani yake mlijazwa majani ya mpunga ili lisipoteze umbo, na majani hayo yalikuwa bado na ukijani. Ni ya mwaka huu. Kijijini kote, shamba lililokwisha kukatwa ni letu tu.

Mzee Tokuji hawezi hata kuona kifungo cha shati lake. Sasa nani analisafisha? Mimi ni mtu mzima, nalipa kodi, siamini mizimu. Nililirudisha mahali pake, nikaenda nyumbani kwa mwendo wa haraka na sikugeuka nyuma.

Jioni, wimbo. "Umerudi? Karibu." Leo na mimi niliutazama mlango.

Oktoba 7

Jua. Miganda inakauka.

Sijamwambia. Namtazama akila, akishona, akibishana na kunguru, na najiuliza kama neno moja langu litamwua au litamfungua. Sasa namwelewa. Hahami kwa sababu anamngoja Minae. Akihama, mtoto akirudi atakuta nyumba imefungwa. Nikimwambia buti lipo, atakuwa hana wa kumngoja, naye Sadaaki atampata. Nisipomwambia, theluji itampata. Na hasira yangu yote imehamia kwa Mzee Tokuji na kwa marehemu Kihei, wanaume wawili waliokaa na mauti ya mtoto mifukoni mwao kama tumbaku.

Oktoba 10

Bwana Kusaka amepokea picha zangu. Amezisifu kwa adabu sana, nikajua kuna jambo.

"Chizuru, kuna mwanamke amesimama shambani kwenye kila picha," alisema kwenye simu.

Nikamwambia ni sanamu ya ndege.

"Sanamu ya ndege huchekesha. Huyu anangoja mtu. Watazamaji watamtazama yeye badala ya msichana wetu. Mtoe."

Oktoba 11

Nimemtoa kwa rangi ya mpunga. Nikachora picha mpya ya jioni, mlima na moshi. Nilipoweka brashi chini alikuwepo tena, mdogo, pembeni kwenye vichanja. Najua ni mkono wangu unaomchora. Bado si jambo la kupendeza kujua hivyo.

Oktoba 15

Sadaaki tena. Shangazi akamjibu tena kwamba baada ya mavuno. Nilichukua simu nikamwambia mimi nitazungumza naye. Lini? akauliza. Nikajisikia nikisema, "Tukishapura."

Nikakaa chini. Hivi ndivyo walivyoanza, wale wawili. Hawakupanga kunyamaza miaka zaidi ya thelathini. Walipanga kungoja mpaka kazi ipungue.

Oktoba 22

Tumepura. Mchele mpya umepikwa, na jirani ametuletea panzi waliopikwa kwa sosi ya soya na sukari, kitoweo cha huku milimani. Nilivyowatia mdomoni tu, utoto ukarudi wote kwa mkupuo, nikasema bila kufikiri:

"Minae alikuwa mwizi."

Vijiti vya kulia vya Shangazi vikasimama.

Nilikuwa nimeshasema, nikaendelea. Zamani shule iliwatuma watoto wakamate panzi, wawauze kwa uzani, wanunue vitabu vya maktaba. Minae alikuwa akitia kokoto ndani ya mfuko wake ili uwe mzito, na siku mwalimu alipoimwaga mifuko mezani, alisema panzi wa shamba lao hula mawe.

Shangazi alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo. Akajifuta macho kwa aproni, akaniuliza, "Yeye alikuwa akichekaje? Uso wake ninao. Kicheko kimenitoka."

Nilijaribu. Nilijaribu kukitoa kwa sauti yangu na kilikuwa kicheko changu tu. Nikamwambia kilikuwa cha puani, cha kujizuia, kisha kinamponyoka. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, halafu akaosha vyombo muda mrefu.

Leo wimbo ulikwisha zamani ndipo alipokumbuka kuukaribisha mlango.

Oktoba 23

Nilidhani ana wazimu. Hana. Mimi ndiye nisiyelala vizuri.

Novemba 2

Kilele cha mlima kimekuwa cheupe. Shangazi aliteleza ngazini na kapu la figili. Hakuumia. Aliketi tu pale akaangalia miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nilimpa mkono na nikasikia wepesi wake wote.

Novemba 5

Sadaaki atakuja na gari tarehe kumi na mbili, amesema liwalo na liwe. Shangazi amesema gari litarudi lilivyokuja.

Novemba 8

Baridi. Rangi zinaganda.

Novemba 10

Leo ni siku ya kurudisha sanamu nyumbani. Kila nyumba huchukua yake shambani, huiweka uani, huiandalia mochi mbichi, vile vitonge vya mchele wa kunata, na figili, huishukuru kwa ulinzi wa mwaka, na baada ya hapo huwa imepanda mlimani kuwa mungu wa mlima, kazi yake imekwisha. Nyumba zote zilifanya hivyo asubuhi. Shangazi hajafanya hivyo hata mara moja. Ya kwake hukaa nje kipindi chote cha baridi, theluji ikaifunika mpaka ikabaki kofia.

Tulikuwa jikoni tunakanda mochi. Nilimwambia. Sikutafuta maneno mazuri, maana nisingeyapata. Nikasema Mzee Tokuji alinidhania sanamu siku ya ukungu, na aliyoyasema nikayasema yote: lango, buti, baba yake, baada ya mavuno. Mikono yangu ilikuwa na unga na sikuweza kujifuta machozi.

Shangazi aliendelea kukata mochi, akiviringa kimoja kimoja.

"Hata mimi alinidhania," alisema.

Sikuelewa.

"Mwaka wa pili baada ya ile tufani. Upepo ulikuwa umeiangusha, nimesimama nashika mti niuchimbie. Alikuja, akavua kofia, akaniambia mimi kwamba mimi nimekufa. Kutoka barabarani mpaka pale ni hatua ngapi? Wakati ule macho yake yalikuwa mazima. Lakini mtu akiinamisha kichwa vile haoni uso wa mtu."

"Kwa hiyo buti..."

"Nani ajuaye yaliyomo mtungini kama si kata? Mabibu ya Jizo nashona mimi. Kila vuli nalisafisha, natia majani mapya. Hao wanaume wawili walidhani mimi nashona kwa macho yaliyofumba."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Sauti yangu ilikuwa kali, naikumbuka. Zaidi ya miaka thelathini, mume naye yupo, jirani naye yupo, kwa nini.

"Kihei alikuwa amenificha ili nisife. Ningemwambia najua, angekuwa ameficha bure. Sasa yeye ameshakwenda. Lakini yule wa lango..." Alipaka unga kwenye kisu. "Yule hana mke, hana mtoto. Ana mahali pamoja tu pa kulisema lile neno. Nikaona basi, sanamu iwepo. Na nikaona mtu hawezi kumwambia mtoto wa miaka kumi mambo mazito kila mwaka, nikaikuza. Mimi kumwona Minae sihitaji majani."

"Nagoya je?"

"Nikienda Nagoya, nani ataisimamisha? Atamwambia nani?"

Nilikuwa nimekuja kumwondoa mama anayemngoja mtoto wake. Hakuna mtoto aliyekuwa akingojwa. Nyumba nzima, shamba, paa lililomwangusha, vyote vilikuwa vimeshikiliwa kwa ajili ya mzee mbabaishaji na biringanya zake.

Nikamwambia, "Shangazi, yeye anangoja mavuno yaishe. Na wewe ndiye unayeyazuia yasiishe."

Maji yalichemka na kufurika, akayaepua. Kisha akavua aproni.

"Twende tukamlete," alisema.

Tuliibeba mimi na yeye, mmoja kichwani mmoja miguuni. Ni nyepesi kwa kimo chake. Tulipofika barabarani Mzee Tokuji alikuwa anashuka kutoka langoni kwake na koleo begani. Alisimama. Alitazama shamba tupu, kisha akatutazama sisi na tulichokibeba.

"Tokuji," Shangazi akasema, "mavuno yamekwisha. Njoo ule mochi."

Alikuja nyuma yetu. Penye kizingiti alisita, akavua kofia, akavua na viatu, akavipanga vizuri sana, akaingia. Tuliikalisha sanamu sebuleni badala ya uani, mbele yake sahani ya mochi na figili lenye majani yake. Hakuna aliyegusa chakula. Mzee Tokuji alipiga magoti akaiangalia kwanza sanamu, kwa mazoea. Kisha akajigeuza polepole mpaka akamwelekea Shangazi, akasema yote. Maneno ni yale yale niliyoyasikia kwenye ukungu, lakini sasa yalimchukua muda mrefu, kwa sababu mbele yake palikuwa na uso. Shangazi alimsikiliza kama anayesikia kwa mara ya kwanza. Aliuliza hata maswali. Lilikutwa wapi hilo buti? Lilikuwa limesimama au limelala? Sijawahi kuona zawadi kubwa kama ile na sitaiona tena.

"Mimi ndiye niliyefungua lango," alimalizia, paji la uso likiwa sakafuni. "Maji yangeingia mashamba yote. Nikafungua, yakashuka mferejini, kumbe yeye yuko huko."

"Ulifungua kwa sababu mkutano ulikutuma," Shangazi alisema. "Waliotaka lifunguliwe waliambiwa wainue mikono. Mimi pia niliinua."

Mzee Tokuji aliinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza," alisema Shangazi. "Mpunga wetu ulikuwa umeiva."

Hilo hakuwa ameniambia jikoni. Sidhani alikuwa amemwambia mtu yeyote, hata lile gunia lisilo na uso. Walikaa hivyo wazee wawili wakitazamana, na mimi nikalia kwa sauti, kwa kuwa wao hawakulia.

Wimbo wa jioni ulipigwa. Ukaisha. Shangazi hakuugeukia mlango. Alisukuma sahani ya mochi kuelekea kwa Mzee Tokuji, akamwambia ale kabla haijawa ngumu.

Novemba 12

Sadaaki alifika amejiandaa kwa vita, akamkuta mama yake ameketi ngazini na koti na sanduku. Hakuamini, akaniuliza nimemwambia nini. Nikamwambia nimemwambia kuna baridi. Mapajani mwa Shangazi kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa, kile cha kwa Jizo, hakukiweka nyuma ya gari pamoja na mizigo mingine. Penye kona ya Jizo Mzee Tokuji alisimama na kofia mkononi. Gari lilipunguza mwendo. Sikuona kama walizungumza.

Sanamu tuliichoma jana, kama inavyotakiwa. Blauzi ya mistari nilibaki nayo mimi.

Novemba 13

Nimebaki kufunga nyumba: kutoa maji kwenye mabomba yasipasuke, kufunika madirisha. Mchana nilimaliza picha ya mwisho ya filamu, shamba baada ya mavuno. Hakuna mtu ndani yake. Niliitazama karibu, kisha kwa mbali, kisha kwenye kioo, kama tunavyofanya kazini. Hakuna mtu. Bwana Kusaka ataipenda.

Theluji ilianza nikiwa nakunja matandiko. Kipaza sauti kikapiga wimbo wake, nikausikiliza mpaka mwisho, nimeshika kona za shuka.

"Umerudi? Karibu," nilisema.

Nilikuwa nimekwisha kusema ndipo nikajua kwamba nimesema. Niliuacha mlango wazi mpaka baridi iliponishinda.